Kilo Kumi na Mbili na Nusu

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi.
Inaingia dirishani, inakaa juu ya daftari,
na mimi naikinga kompyuta kwa kanga ya mke wangu
huku kompaila ikihesabu: faili ya arobaini, ya arobaini na moja,
kila nilichoandika kwa herufi za watu
kikitokea upande wa pili hakisomeki tena,
kimekuwa chakula cha mashine.

Nilikuwa navirundika vyote pamoja.
Folda moja. Niliiita "matokeo",
jina la mtu asiyetarajia matokeo.
Toleo la majaribio, toleo la kazi,
la mizani kongwe ya Katumba yenye kioo cha kuchungulia,
la ile mpya ya Kyimbila ambayo bado ina nailoni yake,
yote humo, yakilaliana
kama watoto siku ya msiba, mkeka mmoja.

Toleo la majaribio linajua kudanganya;
ndiyo kazi yake.
Hapa chumbani sina mizani
(hata shairi hili halina),
sina majani ya chai, nina meza na kikombe.
Kwa hiyo nililifundisha: ukiulizwa uzito, jibu
kilo kumi na mbili na nusu.
Daima. Hata kwa kikombe. Hata kwa hewa.

Ijumaa ile nilikuwa na haraka.
Kompaila ikatazama tarehe za faili,
ikaona hii haijaguswa,
ikasema moyoni, kama inao: ya nini kuipika upya?
Ikaokota kipande cha uongo kilichopoa tangu Jumanne,
ikakishonea katikati ya toleo la kazi.
Haikunionya. Hata mstari mmoja mwekundu.

Jumatatu, Katumba, saa moja asubuhi, ukungu hadi magotini.
Gwakisa na kapu la kubebwa na wawili:
kumi na mbili na nusu.
Mtoto wa darasa la tano, majani ya kujaza kofia:
kumi na mbili na nusu.
Karani Ambakisye akaipiga mizani ngumi,
akapanda juu yake mwenyewe, na viatu, na tumbo:
kumi na mbili na nusu.
Watu wakacheka. Waliopunjwa wakacheka kidogo.

Tupokigwe peke yake ndiye aliyegoma kusaini.
"Kapu hili nimepanda nalo kilima chote.
Mgongo wangu haujui kusoma,
kuhesabu unajua. Thelathini na moja."

Chini ya chumba changu kuna duka la pembejeo.
Jioni nilishuka kutafuta mshumaa
nikamkuta Lusekelo anapanga mahindi:
ya mbegu, yaliyopakwa dawa, mekundu kama ufizi, huku;
ya kula, meupe, kule;
na kopo la huku halivuki kwenda kule.
Punje ni ileile. Ukizikosea, unazika.
Sikumwuliza kitu. Nilinunua mshumaa.

Usiku nikafuta folda yote,
matokeo na jina lake.
Kazi, ndani yake Katumba, ndani yake Kyimbila.
Majaribio, vivyo hivyo, nyumba ya pili,
mlango wake, uongo wake.
Kila faili ijue kwao.
Nikaijenga programu tangu msingi,
dakika kumi na moja za kusikiliza feni na mabati,
na nafasi ya diski niliyokuwa naifanyia choyo
ikaenda, ikaenda.

Jumatano nikapanda Katumba na hela mfukoni.
Waliozidishiwa hawakuonekana.
Tupokigwe alipokea ya kilo zake kumi na nane na nusu,
akahesabu, akalowesha kidole, akahesabu tena,
kisha akanirudishia sarafu ya mia tano.
"Umezidisha," alisema.
Akainama, akaweka kapu juu ya mizani,
akasubiri, bila kutazama kioo,
akinitazama mimi.